Justice League: Origin – Mbogi Moto, Adui Baridi

Kama umewahi kutaka kuingia kwa komiki za DC na ukauliza msee mwenye anajua uanzie wapi, labda alikuambia "anza na Justice League: Origin." Hakukudanganya. Lakini kuna kitu huwa hawasemi: hii stori iko na mbogi kali na adui wa bure. Hapa chini nimekupangia kila kitu ndio ujue unatoa doh yako kwa nini. Na nakuonya mapema, tutasema venye inaisha.

Ni nini hii?

2011 DC waliamua kuanza upya na komiki 52 mpya, mpango wenye uliitwa New 52. Justice League toleo la 1 ndio ilifungua njia, mwisho wa Agosti mwaka huo. Mwandishi ni Geoff Johns, mchoraji ni Jim Lee, na wino ni ya Scott Williams. Origin ni yale matoleo 6 ya kwanza, yakiwekwa pamoja kwa kitabu kimoja.

Stori inaenda aje?

Tunarudi nyuma miaka 5. Masupahiro ni watu wapya, raia wanawaogopa na polisi wanawakimbiza. Batman na Green Lantern wanakutana Gotham wakifukuza kiumbe cha mabawa, Parademon. Kinawaachia sanduku la ajabu, Mother Box. Wanalipeleka kwa Superman, na badala ya salamu ngumi zinaanza. Flash anaingia, kisha Wonder Woman, halafu Aquaman. Wa saba ni Cyborg, yaani Victor Stone, kijana wa futiboli ya Marekani. Sanduku kama hilo linamlipukia kwa maabara, na babake anamuokoa kwa kumfanya nusu mtu nusu mashine.

Kwenye inawaka

Wakiwa pamoja, hawa wasee ni burudani. Green Lantern anaringa hadi Batman, msee hana nguvu yoyote, anamtoa pete kidoleni bila yeye kujua. Aquaman anaulizwa anaweza nini, anaita papa watoke baharini wale Parademon. Na ile ya Victor na babake inauma, juu kijana alikuwa anataka tu mzae aje kumtazama akicheza.

Kwenye inazima

Sasa Darkseid. Anafika mwishoni mwa toleo la 4, mkubwa kama ghorofa. Anajitambulisha, halafu anaanza kuchapa watu. Anamvunja Green Lantern mkono, macho yake yanatoa miale yenye inafuata mtu kila kona, na Superman anabebwa hadi Apokolips. Kuongea? Maneno yake yanahesabika. Sababu ya kuvamia dunia inabaki vidokezo tu.

Na anashindwa aje? Wonder Woman anamdunga jicho moja, Aquaman anamalizana na la pili, Cyborg anafungua njia ya kumrudisha kwao. Imeisha. Mungu wa uovu amefukuzwa kama konda mwenye amekataa kurudisha chenji.

Shida iko wapi haswa?

Jaribu hii: toa Darkseid kwa stori, weka tetemeko la ardhi. Nini inabadilika? Karibu hakuna. Hata ile scene tamu zaidi, kwenye Batman anavua maski na kumwambia Green Lantern jina lake la ukweli, ingesimama tu bila yeye.

Adui wa mbogi anafaa kugusa penye mbogi imepasuka. Hawa watu hawaaminiani, kila mtu anajiona steringi. Adui mjanja angewagonganisha, angemwahidi Victor mwili wake wa zamani, angemwambia Superman vile raia watamgeuka. Darkseid hapa hajaribu lolote. Kwa hivyo umoja wao unakuja rahisi sana, ni saba dhidi ya ukuta.

Kwani Darkseid ni mnyonge?

Zii. Jack Kirby alimleta 1970, na shida yake haikuwa kuvunja majengo. Anatafuta Anti-Life Equation, hesabu yenye inaua hiari ya mtu kabisa, usibaki na uamuzi wako. Kwa Final Crisis ya 2008, iliyoandikwa na Grant Morrison, hiyo hesabu inasambazwa kwa intaneti na watu wanageuka watumwa. Hapo unaogopa simu yako mwenyewe. Huyo ndiye Darkseid, na Origin ilimwacha nyumbani ikatuletea misuli yake.

Usome ama uhepe?

Soma, lakini ifuate mbogi, usimngoje adui. Ukimaliza, tafuta Darkseid War, iliyoanza 2015, bado Johns akiandika na Jason Fabok akichora. Huko masupahiro wanapewa nguvu za miungu, na Batman anakalia kiti chenye kinajua kila kitu. Unaanza kujiuliza kama atakubali kushuka. Hilo ndilo swali Origin haikuuliza.

Na kama we mwenyewe unachora zako kwa daftari, beba hii: kabla umpe adui wako misuli, mpe kitu anataka.