Mvutano uliokwamisha teknolojia ya UWB

TEKNOLOJIA ya UWB husafirisha data kwa mawimbi hafifu ya redio yaliyotandazwa katika ukanda mpana mno wa masafa. Mawimbi hayo hufika umbali mfupi, lakini hubeba data nyingi kwa kasi.

Mnamo Februari 2002, Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) iliidhinisha matumizi yake bila leseni kati ya gigahatsi 3.1 na 10.6. Taasisi ya wahandisi ya IEEE nayo iliunda jopo la kuandaa kiwango kimoja, ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuwasiliana.

Hata hivyo, watengenezaji waligawanyika. Intel na Texas Instruments walitaka ukanda huo ukatwe vipande vipande, ilhali Motorola ilitetea mipwito mifupi iliyotandaa. Hakuna upande uliopata kura za kutosha, na Januari 2006 jopo likavunjwa.

Kundi la Intel lilikuwa limepitisha kiwango chake katika shirika la Ecma mwaka 2005, likilenga kuondoa nyaya za USB kwa kasi ya megabiti 480 kwa sekunde katika umbali wa mita 3. Soko halikuitikia. Vita vya panzi vikawa furaha ya kunguru: Wi-Fi ikatamalaki.

UWB ilifufuka kwa kazi nyingine, kupima umbali kwa usahihi. Safari hii kampuni ziliungana mapema: muungano wa FiRa uliundwa 2019, na kiwango cha IEEE 802.15.4z kikatolewa 2020. Sasa imo katika simu na funguo za magari.