SEHEMU YA 5: Mnyama ndiye anayetangulia kuumwa

Wiki iliyopita niliandika kuhusu uji wa watoto, na swali moja likanijia mara nyingi kuliko yote: "Nesi, mahindi au pumba zikishaota ukungu, si bora niwape kuku na ng'ombe kuliko kutupa?"

Leo nalijibu, ila nitaanzia mbali kidogo. Nivumilieni.

Mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa ndani ya miezi michache. Wanaacha kula, wanashusha mbawa, siku chache tu wamekwisha. Wakipasuliwa, ini limeharibika. Madaktari wa mifugo walitafuta kila kitu wasipate jina la maradhi, wakayaita tu "ugonjwa X wa bata mzinga". Mwisho wakaacha kumwangalia ndege, wakaangalia chakula chake. Ndani mlikuwa na mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil, na kwenye mashudu palikuwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sumu yake ikapewa jina kutokana na jina hilo: aflatoksini. Ziko sumu nyingine za namna hii, kila moja na kuvu wake, na sisi zote tunaziita sumukuvu.

Msiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Mwaka huohuo 1960, Kenya, huko Bonde la Ufa, vifaranga vya bata vilikufa kwa maelfu kwa chakula chenye njugu zilizoharibika. Mwaka 1977 na 1978 wakafa mbwa na kuku wengi Nairobi, Eldoret na Mombasa. Mombasa hapo, jirani zetu.

Halafu ikaja zamu ya watu. Mwaka 1974 huko India, vijiji vya Gujarat na Rajasthan vilikula mahindi yaliyonyeshewa, wakafa watu zaidi ya mia moja. Mbwa waliokuwa wakila chakula kilekile cha nyumbani waliumwa vilevile: macho manjano, tumbo limejaa maji. Mwaka 1981 Machakos, katika wagonjwa 20 walifariki 12. Mwaka 2004 Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliugua watu 317, wakafariki 125.

Hii ya 2004 naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu hawakuwa watu wazembe. Kulikuwa na ukame, chakula kimepungua, wezi wanaingia mashambani. Mtu anavuna kabla mahindi hayajakauka, anayaingiza ndani anakolala ili yasiibiwe. Ndani joto, unyevu, hakuna hewa. Kuvu hataki zaidi ya hapo. Mama yule alikuwa anailinda akiba ya wanawe, na akiba ndiyo iliyowaua. Kila nikiisoma habari ile najiuliza mimi ningefanya nini tofauti, na sina jibu la haraka.

Na kwetu Tanzania ilifika 2016, Dodoma na Manyara. Waliugua watu 68, wakafariki 20. Kuumwa tumbo, kutapika, macho manjano, miguu kuvimba. Sisi wauguzi dalili hizo tukiziona tunafikiria homa ya ini kwanza, na hakuna wa kutulaumu. Lakini tangu hapo mgonjwa wa macho manjano namuuliza na swali moja zaidi: nyumbani mnakula unga gani, na umekaa wapi?

Sasa turudi kwa ng'ombe. Watu wengi wanaamini mnyama ana tumbo la chuma, sumu inaishia kwake. Mwaka 1963 watafiti wa Uingereza walilipima jambo hili. Waliwalisha ng'ombe mashudu yenye sumu, wakakama maziwa, wakawapa vifaranga vya bata. Ng'ombe wamesimama wazima, lakini maini ya vifaranga yakaharibika vilevile kama wamekula mashudu yenyewe. Sumu ile inayotoka kwenye maziwa leo inaitwa aflatoksini M1, na hiyo M ni ya neno la Kiingereza la maziwa. Inaanza kutoka ndani ya siku moja tu baada ya ng'ombe kula. Ukiacha kumlisha, maziwa yanachukua siku tatu nne hivi kusafika. Na kuchemsha hakusaidii, dada zangu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na lazima mchemshe, lakini hii si kijidudu.

Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo, sitaki kuwatisha. Glasi moja haimwangushi mtu. Tatizo ni kidogo kila siku, kwa mtoto ambaye maziwa na uji ndiyo chakula chake kikubwa. Sumu hii inajulikana duniani kuwa inasababisha saratani ya ini, na ikikutana na virusi vya homa ya ini B kwa mtu mmoja hatari inapanda mara nyingi. Ndiyo maana nawasumbua na zile chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinga ya homa ya ini B imo humo. Na yule atakayeniuliza kuhusu maziwa ya mama: nyonyesha. Usiache kwa ajili ya hili. Angalia unachokula wewe.

Sisi Wapemba mambo haya tusingehitaji kufundishwa. Nani hapa hajaanika karafuu? Mtoto mdogo anajua kwamba karafuu mbichi ukizirundika zinapata joto, zinageuka mpeta, na mnunuzi anazikataa. Mvua ikinusa tu, mtaa mzima unakimbilia majamvi. Lakini gunia la pumba lililovuka bahari kutoka bara, tunaliegemeza ukutani chini ya bati linalovuja, basi.

Nasema "tunaliegemeza" maana ni kwetu. Mama mkwe wangu anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa yake ndiyo anayokunywa mwanangu. Masika yaliyopita nilikwenda kumwamkia, nikakuta gunia la pumba limeshikana mabonge, ndani kijani kibichi, linanuka uvundo. Ng'ombe alikuwa ameshalila nusu.

Kumwambia mkwe si kazi nyepesi. Nilikaa, nikanywa chai, nikazunguka.

"Mama, hizi pumba zimeharibika. Naogopa zisimdhuru ng'ombe."

"Mwanangu, ng'ombe huyu anakula mpaka maganda ya muhogo. Hana tumbo la mtu."

"Simwogopei ng'ombe, mama. Namwogopea mjukuu wako."

Akanyamaza. Nikamweleza habari ya vifaranga vya bata, kama nilivyowaeleza ninyi. Akauliza jambo moja tu: hela ya gunia atairudisha nani? Swali la haki kabisa. Mfugaji anajua bei ya gunia, ya ini haioni. Tukachanga, mimi na mume wangu, tukanunua jingine. Lile tukalifukia. Ng'ombe akala majani tu, na maziwa ya siku nne tukayamwaga. Mama mkwe alimwaga mwenyewe, hakutaka nimsaidie.

Gunia jipya liko juu ya mbao, mbali na ukuta. Na mahindi yake ya kuku sasa anayapima kwa chumvi: chupa kavu, chumvi kavu, punje kiasi, unafunga, unatikisa, unaacha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikikaa chini, unaweza kuweka. Ila kumbukeni, chupa inapima unyevu tu. Sumu haionekani kwa macho, na mahindi yaliyokwisha kuota kuvu hata ukiyaanika yakakauka kama jiwe, sumu yake imo. Kuyaosha au kuyasaga hakuiondoi.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza: usiwape. Wala usimuuzie jirani kwa bei ya chini, maana na yeye ana mtoto.

Sehemu ya 6 In shaa Allah tutazungumza njugu, zile za kukaanga za watoto wa skuli.