Nyumba ya Mnada: Kutoka Ntambo za Litembo hadi Sheria ya Ardhi

Katika milima ya Umatengo, kusini mwa Tanzania, kijiji cha Litembo kikiwamo, ardhi iligawanywa kwa ntambo: mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito na kushikwa na watu wa ukoo mmoja. Miteremkoni zilichimbwa ngoro, yaani mashimo ya kilimo, na kahawa ilipoingia miaka ya 1920, mibuni ikapandwa karibu na nyumba. Aliyerithi kipande alikuwa na haki ya kulima, kujenga na kurithisha. Kumuuzia mgeni halikuwa jambo la mtu mmoja. Sheria ya ardhi ya Waingereza ya 1923, pamoja na marekebisho ya 1928, iliitambua haki ya kimila bila kuipa hati, na nyumba isiyo na hati haikufaa kuwekwa rehani benki.

Mkopo ulipitia kwenye zao. Ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ulianzishwa mwaka 1936. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na Mbinga, wilaya ya Litembo, ikapata chama chake, MBICU. Mkulima alichukua mbolea na dawa kwa mkopo, deni likakatwa alipopeleka kahawa chamani. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, utaratibu huo ulivunjika, kwani kahawa ingeweza kuuzwa kwa yeyote. MBICU ikaanguka, na wakopeshaji wakaanza kutaka dhamana isiyohamishika.

Kitaifa, mambo yalikuwa yakielekea huko huko. Mwaka 1991 iliundwa LART, taasisi ya kukusanya mikopo mibovu ya benki za umma na kuuza dhamana zake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilianza kutumika 2001, na hatimiliki ya kimila ikaweza kuwekwa rehani. Marekebisho ya 2008 yalirahisisha mikopo ya nyumba: mdaiwa akishapewa notisi ya siku 60 bila kulipa, benki inaweza kuiuza nyumba mnadani.

Kila hatua ya historia hiyo imemwachia mnunuzi wa mnadani gharama isiyotajwa na dalali. Ya kwanza ni tangazo. Sheria ya madalali, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, inataka ardhi itangazwe kwa siku 14 katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada, kwa maandishi na pia kwa kupiga ngoma au njia nyingine inayoeleweka na wasiojua kusoma. Siku zikipunguzwa, mdaiwa amepata hoja ya kupinga mauzo.

Ya pili ni familia. Nyumba ya ndoa hairuhusiwi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mke ambaye hakutia saini anaweza kwenda mahakamani baada ya nyundo kugongwa. Zuio la mahakama likitolewa, fedha za mnunuzi zimeshatoka na funguo hajapewa.

Ya tatu ni fedha zenyewe. Katika mnada wa mahakama, mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na kumaliza ndani ya siku 15. Akishindwa, amana inaweza kutaifishwa na mali kunadiwa upya. Kwa kawaida hapati nafasi ya kukagua nyumba ndani. Ushuru wa stempu, kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa, ukarabati na wakili wa kumtoa mkaaji huja juu ya bei.

Kijijini kuna zaidi. Haki ya kimila haihamishiwi mtu wa nje bila idhini ya halmashauri ya kijiji, naye lazima akusudie kuishi au kufanya kazi hapo. Mnunuzi atokaye Songea au Dar es Salaam anaweza kushinda mnada wa nyumba ya Litembo, kisha akakwama kwenye kikao cha kijiji, huku ndugu wa mdaiwa wakiendelea kuchuma mibuni ile ile.

Hatari hizi ndizo zinazoshusha bei, na bei ya chini nayo huzaa kesi. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri iwezekanavyo. Ikipungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa soko, huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa, lakini mara nyingi hulazimika kuuthibitisha ulinzi huo mahakamani, kwa gharama yake.