Wachezaji wa Wimbledon kabla ya fainali ya Kombe la FA, 1988

Kikosi cha Wimbledon cha 1988 ni timu ya soka ya London iliyoingia fainali ya Kombe la FA dhidi ya Liverpool, bingwa wa Uingereza, tarehe 14 Mei 1988 katika Uwanja wa Wembley. Klabu ilijiunga na Ligi ya Soka ya Uingereza mwaka 1977 na kupanda Daraja la Kwanza mwaka 1986. Golikipa na nahodha Dave Beasant alitoka Edgware Town, na kiungo Vinnie Jones alitoka Wealdstone, timu zote mbili za nje ya Ligi.

Kikosi hicho hukumbukwa zaidi kwa ubabe na mipira mirefu, lakini maandalizi yake yanaonyesha pia hesabu makini. Kocha Don Howe, msaidizi wa meneja Bobby Gould, alimpanga Dennis Wise upande wa kulia ili kumbana John Barnes wa Liverpool. Beasant naye alichunguza jinsi John Aldridge, pia wa Liverpool, alivyokuwa akipiga penalti. Yapo maelezo kwamba ushindi wa Wimbledon wa 1–0 ulikuwa bahati, kwa kuwa bao la Peter Beardsley wa Liverpool lilikataliwa baada ya mwamuzi kupuliza filimbi mapema. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi bao la kichwa la Lawrie Sanchez lililotokana na mpira wa adhabu wa Wise, wala penalti ya Aldridge aliyoiokoa Beasant, ya kwanza kuokolewa katika fainali ya kombe hilo Wembley.