Wakili Asiyefika

Stendi ya Ipinda, dereva wa bodaboda anamwuliza mama mwenye kiroba cha mchele: "Unaenda, mama?" Mama anajibu: "Naenda." Kyela, anakokwenda, haikutajwa, wala pikipiki, wala njia. Hata "wewe" na "mimi" hazikusikika.

Wanaisimu huliita jambo hili udondoshaji. Neno hili sijawahi kulipenda. Kinachodondoka kimeponyoka, kama punje za mpunga kwenye gunia lililotoboka. Mama yule hakuponyokwa na kitu.

Kiwakilishi ni istilahi nzuri zaidi. Ndani yake kuna wakili, anayesimama badala ya jina. Lakini wakili wa nini ikiwa mwenyewe yupo? U- ya "unaenda" imekwisha kubeba nafsi. Nafsi! Sijui istilahi ya sarufi iliyochaguliwa vizuri kuliko hiyo: roho ikae ndani ya kitenzi. Wanyakyusa wa huku Kyela nao husalimiana "Ugonile", umelalaje. Kwa mtu wa heshima, "Mugonile". Kiambishi kimoja kimebeba nafsi na adabu.

Lojban, lugha ya kubuni iliyoanza mwaka 1987, ina neno la kisichotajwa: zo'e. Kitenzi chake klama, kwenda, kina nafasi tano: mwendaji, aendako, atokako, njia na chombo. Nafasi usiyoijaza huhesabiwa kuwa ina zo'e, kitu ambacho muktadha unakijua. Kwa hiyo hakuna kilichodondoka. Mama yetu alizijaza zote tano kwa kusimama tu pale stendi.

Sisi tuseme nini? "Maana fiche" inanuka hila. Panapofichwa jambo, pana mtu anayetakiwa asilijue. Waarabu kiwakilishi hukiita dhamiri, kwa mzizi wa kuweka jambo moyoni, na kile kisichotamkwa ni dhamiri iliyositirika. Neno hilo tunalo siku nyingi! Tumelipa kazi ya sauti ya moyo, na kitenzi kudhamiria tukakipa kazi ya kukusudia. Napendekeza maana iliyodhamiriwa, na nafasi iliyodhamiriwa. Wapenda ufupi watataka "udhamiri", ila nachelea: liko herufi moja tu kutoka udhamini, na wasomaji watawaza mkopo.

Lijaribu pale stendi. Kyela imedhamiriwa, pikipiki imedhamiriwa, barabara imedhamiriwa. Mama anaweka kiroba, hajapanda bado. "Shilingi ngapi?" anauliza, kwa sababu nauli haidhamiriwi.