Kinu cha Baba Yaga, ungo wa kwetu

Ukitoka Tunduma kwa barabara ya Sumbawanga unapita Ndalambo, na mji unaouendea, kwa maelezo ya Wafipa wenyewe, jina lake ni amri: tupa uchawi. Watu wa ukanda huu hawakuichukulia kama mzaha. Miaka ya 1930 walitoka Nyasaland vijana wa mchape. Watu wakapangwa mstari, wachawi wakatafutwa kwa kioo, dawa ikanywewa. Aliyerudia kuroga baada ya kuinywa, iliaminika, angekufa. Mwaka 1963 na 1964 warithi wao, Kamcape, walizunguka Ufipa.

Kijana anayecheza gemu leo hukutana na mchawi mwingine kabisa. Anaitwa Baba Yaga, na jina lisikudanganye: kwa Waslavi "baba" ni bibi kizee. Kibanda chake cha msituni kimesimama juu ya miguu ya kuku, ua wake ni mifupa ya watu. Husafiri ndani ya kinu, mchi ukiwa kasia, na ufagio wa kufuta nyayo. Wa kwetu hupaa kwa ungo. Sijui kwa nini wachawi wa pande zote mbili wamependa vyombo vya jikoni, ila yeyote aliyetwanga na kupepeta anaweza kukisia ni nani aliyekuwa akishukiwa.

Bibi huyu alitangulia kuingia vitabuni. Mikhail Lomonosov alimtaja katika sarufi yake mwaka 1755, na kati ya 1855 na 1863 Alexander Afanasyev akachapisha ngano za Kirusi zilizomsambaza. Mwaka 1989 alitokea katika gemu ya Kimarekani, Hero's Quest, akiwageuza wachezaji vyura. Mwaka 2015 kampuni ya Warsaw ilitoa The Witcher 3, yenye vikongwe watatu wa kinamasi, walaji wa watoto, waliofinyangwa kwa udongo uleule.

Mchawi wetu hajafika huko, na sioni ajabu. Sheria ya Uchawi ya 1928 bado ni sheria ya nchi, na vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho ya moshi wa kuni. Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alipotoa Tales of Kenzera: Zau mwaka 2024, gemu inayochezeka pia kwa sauti za Kiswahili, shujaa wake alikuwa mganga. Babu yake Salim alikuwa mganga.

Gemu ninayoikumbuka zaidi ni ya 2016, shujaa wake Lara Croft alipomwendea Baba Yaga kwa ombi la msichana aliyemtafuta babu yake. Ndani ya ukungu wa chavua inayopumbaza akili, kibanda kilitembea kweli. Chavua ilipomtoka kichwani, Lara alikuta mtaalamu wa mimea aliyezeeka, bibi wa msichana yuleyule.