Ridhaa: maana yake kwa mgonjwa anayeombwa kushiriki utafiti

Katika utafiti wa tiba, ridhaa ni kukubali kushiriki kwa hiari baada ya kuelezwa, na kuelewa, utafiti unahusu nini na una hatari gani. Neno hili ni ndugu wa radhi na kuridhia. Wapo wanaosema idhini, lakini idhini hutoka kwa mwenye mamlaka: kamati ya maadili huidhinisha utafiti. Mwili ni wa mgonjwa, naye hutoa ridhaa.

Mgonjwa huja kutafuta tiba, si utafiti. Akiombwa kushiriki na mhudumu yuleyule anayemtibu, huogopa kwamba akikataa atanyimwa dawa. Ndiyo maana fomu ya ridhaa husema wazi kwamba kukataa hakumpunguzii huduma, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Lugha nayo iwe ya kueleweka: mililita 5 za damu zielezwe kuwa kijiko kimoja cha chai. Asiyejua kusoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiye mtafiti, kisha huweka dole gumba.

Gumu zaidi kueleza ni mgawanyo wa makundi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu, na wale wa kundi la ulinganisho walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mzazi hakuambiwa mwanawe yuko kundi gani. Kwa hiyo, kabla ya kuridhia, ilimpasa aelewe kwamba huenda mtoto asipate kabisa chanjo ya malaria. Kliniki, daktari humchagulia mgonjwa kinachomfaa. Katika utafiti wa namna hii, bahati nasibu ndiyo inayoamua. Asiyeelezwa hilo hajaridhia, hata akitia sahihi.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Hatua hiyo ilijengwa juu ya ridhaa za wazazi, na kila mshiriki wa utafiti anastahili kurudishiwa matokeo kwa lugha yake. Lakini kabla ya mshiriki kutia sahihi, mtafiti amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Akikwama, aelezwe upya, sahihi ingoje.